Saa Moja Kasorobo: Kisa cha Kazi Moja Iliyoletwa na Watu Wawili

Kisa hiki kilitokea katika mradi mdogo wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, ambao mimi ni mmoja wa watunzaji wake watatu. Sote tunaishi Dar es Salaam, hatulipwi chochote kwa kazi hiyo, na muda tunaoutumia ni ule unaobaki baada ya ajira, foleni ya Ubungo na shughuli za nyumbani. Mradi wenyewe ni maktaba ya msimbo, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumiwa ndani ya programu nyingine, inayowasaidia watengenezaji wa programu kuandika saa, tarehe na tarakimu kwa Kiswahili cha watu. Kompyuta ikitoa 07:00, maktaba yetu huandika "saa moja asubuhi". Hesabu yake ni nyepesi: unajumlisha sita kwenye saa ya kompyuta, unagawanya kwa kumi na mbili, unachukua baki, na baki likiwa sifuri unaandika kumi na mbili. Ugumu huanzia kwenye mambo ambayo hayamo katika hesabu.

Kwa muda mrefu maktaba ilikuwa ikiisoma 18:45 kuwa "saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano". Hakuna atakayeshindwa kuielewa, lakini kondakta wa daladala akikujibu hivyo utadhani anakusomea taarifa ya habari. Watu husema saa moja kasorobo. Mtumiaji mmoja aliandika hoja ya kulalamikia jambo hilo mahali pa wazi, nasi tukaibandika alama ya kuwakaribisha wachangiaji wapya, kisha tukaendelea na mengine.

Aliyeitikia wito huo alikuwa mwanafunzi wa chuo, mkazi wa Mbagala, ambaye hajawahi kuchangia mradi wowote. Alileta ombi la kuunganisha msimbo wake na tawi kuu, yaani nakala rasmi ya mradi, pamoja na maelezo ya aya tatu na swali moja. Swali lilikuwa hili: saa 18:45 iitwe jioni au usiku? Aliandika kwamba nyumbani kwao husema jioni, lakini hana hakika kama watu wote husema hivyo, na angependa kusikia maoni ya watunzaji kabla ya kuikamilisha kazi. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, hivyo jua lake huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro dakika kumi mwaka mzima. Ikifika 18:45 mwanzoni mwa Februari jua bado lipo, na mwezi Juni limeshazama kitambo. Mtu aliyeuliza swali hilo alikuwa ameifikiria kazi.

Msimbo wake, kwa upande mwingine, ulikuwa mgumu kuupitia. Kihariri chake, yaani programu anayoandikia msimbo, kilikuwa kimebadilisha nafasi za mwanzo wa kila mstari katika faili zima, kwa hiyo badiliko lililohitaji mistari isiyozidi 80 lilionekana kama badiliko la mistari zaidi ya 600. Mtunzaji aliyechoka akifungua kitu cha namna hiyo saa nne usiku hufunga na kusema atarudi kesho. Nakiri kwamba nilifanya hivyo mara mbili. Wenzangu wawili, kama walivyoeleza baadaye, kila mmoja alidhani mwingine analishughulikia. Siku 23 zikapita bila mtu yeyote kuandika hata neno moja chini ya ombi lile.

Siku ya 23 nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtengenezaji programu mzoefu ambaye tunafahamiana kwa miaka mingi na ambaye huja kwenye vikao vyetu vya kahawa pale Sayansi, Kijitonyama. "Mkuu, nimeirekebisha ile kasorobo. Kuna mteja ananisubiri, naomba uipitishe leo." Nikamjibu, "Poa mkuu, ngoja niifungue." Kazi yake ilikuwa mistari 40 safi, iliyopangwa vizuri, yenye majaribio (vipimo vinavyokagua kama msimbo unatoa majibu sahihi) yanayopita yote. Baada ya saa mbili ilikuwa imeshaunganishwa na tawi kuu, na kwa kuwa maelezo yake yalitaja namba ya hoja, mfumo uliifunga hoja wenyewe. Kesho yake tukatoa toleo jipya.

Ombi la mwanafunzi likabaki wazi, likiwa na tangazo la kimashine kwamba tawi lake, yaani nakala aliyoifanyia kazi, lina migongano na tawi kuu inayopaswa kutatuliwa. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kwanza alilopata kutoka kwenye mradi wetu.

Siku mbili baadaye aliniandikia barua pepe. "Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Nimeona hoja ya kasorobo imefungwa. Naomba kufahamu kazi yangu ilikuwa na makosa gani ili nisiyarudie." Niliisoma ndani ya mwendokasi nikitokea Kivukoni, na jibu la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa la uongo: kwamba mtandao ulikuwa unasumbua. Kisingizio hicho mjini kwetu kina heshima yake. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, nusu ya Afrika Mashariki ilikuwa nacho na kilikuwa cha kweli. Safari hii mtandao uleule uliotushinda kwa siku 23 ulikuwa umetosha kabisa kumpitisha rafiki yangu kwa saa mbili.

Nilipofika nyumbani nilifungua kazi zote mbili na kuziweka bega kwa bega, na hapo jambo likageuka kuwa zito zaidi. Majaribio ya kazi ya pili yalikuwa orodha ya saa 24 za kupima, na orodha hiyo ilikuwa ileile ya mwanafunzi. Haikuanzia usiku wa manane, kama ambavyo mtu yeyote angeanza. Ilianzia 18:45, kwa mpangilio wake, na juu yake palikuwa na maelezo yenye neno "kasrobo", kosa lilelile la herufi lililokuwa katika kazi ya kwanza. Jina la mwanafunzi halikuonekana popote.

Nilimpigia rafiki yangu simu. Hakukana. Alisema alifungua ombi lile kuona wengine wamejaribu nini, akaichukua orodha ya majaribio kwa kuwa ilikuwa imekamilika, na msimbo wenyewe akauandika upya kwa mkono wake. "Majaribio siyo kazi, mkuu, ni orodha tu." Sentensi hiyo ndiyo iliyotugawanya watunzaji kwa wiki nzima, na sikubaliani nayo. Katika tatizo la kasorobo, kuandika hesabu ni kazi ya nusu saa. Kinachochukua muda ni kugundua ni saa zipi zitaivuruga hesabu hiyo. Ukijumlisha moja kabla ya kugeuza, mambo huenda sawa. Ukijumlisha baada ya kugeuza, 18:45 itakupa "saa kumi na tatu kasorobo", saa ambayo haipo. Mwanafunzi aliitanguliza 18:45 kwa sababu ndiyo iliyokuwa imemwangusha mwenyewe. Orodha ile ilikuwa kumbukumbu ya makosa yake, na rafiki yangu alifika mapema kwa sababu mtu mwingine alikuwa amekwisha kujikwaa kwa niaba yake.

Kwa upande wa haki za kisheria jambo halikuwa na utata mkubwa. Leseni yetu ni ya MIT, inayoruhusu karibu kila kitu ila inataka tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki, na masharti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kuchangia msimbo, yanauweka mchango unaopelekwa kwenye hifadhi yenye leseni chini ya leseni hiyohiyo. Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa na ruhusa ya kuitumia orodha. Ruhusa ya kutumia haimwondolei aliyetunga haki ya kutambuliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na inampa mtunzi haki ya kimaadili ya kutajwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi yake. Sitaki kulikuza jambo la mistari michache ya majaribio hadi lifike mahakamani, lakini mtu anayesema kwamba katika programu huria vitu ni vya wote na majina hayana maana anasema jambo ambalo si leseni wala sheria inayoliunga mkono.

Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake ya mchana ni usalama wa mifumo, alinitetea kwa hoja ya tahadhari. Mchango wa mtu usiyemjua, alisema, lazima uchukue muda mrefu kuliko wa mtu unayemjua, na akakumbusha mkasa wa xz. Mkasa huo unastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu unasema kinyume cha alichotaka. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine zake kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri ndani ya xz, maktaba huria ya kubana mafaili. Aliyeupenyeza mlango huo hakuwa mgeni aliyebisha hodi juzi. Akaunti yake, yenye jina la Jia Tan, ilikuwa imechangia kwa zaidi ya miaka miwili hadi ikapewa utunzaji wa mradi. Kama nilitaka kuwa mwangalifu, kazi niliyopaswa kuipitia kwa makini zaidi ilikuwa ile niliyoipitisha usiku mmoja kwa sababu mwenyewe alikuwa rafiki. Tena tahadhari ya kweli huonekana kwa maswali. Kama tungemwuliza mwanafunzi kwa nini mistari 600 imebadilika, angejibu, na kihariri chake kingerekebishwa siku hiyohiyo.

Mwenzetu wa tatu aliuliza kama jinsia ilihusika, kwa kuwa mwanafunzi anatumia jina lake halisi na ni la kike. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la PeerJ Computer Science ambao ulipitia maombi ya kuunganisha msimbo katika GitHub na kuona kwamba, kwa jumla, michango ya wanawake ilikubaliwa zaidi ya ile ya wanaume, ila kwa wachangiaji wa nje ya mradi ambao jinsia yao ilitambulika, wanawake walikubaliwa kidogo kuliko wanaume. Swali hilo nimeliweka moyoni bila kulipatia jibu. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba ombi lake halikufikia hatua ya kupimwa. Mradi wetu ulikuwa na milango miwili, mmoja wenye foleni iliyoandikwa hadharani, mwingine wa simu yangu ya mkononi, na aliyekuwa na namba yangu hakujua hata kwamba kuna foleni. Watu wa mji huu hatuhitaji kufundishwa maana ya kujuana. Tunailalamikia kwenye kila kaunta, kisha nikaifungulia kaunta yangu mwenyewe.

Kulikuwa na kazi ya kurekebisha, na hapa ndipo namna Git inavyofanya kazi ilipotubana. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutenganisha majina mawili katika kila komiti, yaani kila badiliko lililorekodiwa: la mwandishi na la aliyeiingiza. Kila komiti hubeba hashi, alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, majina hayo mawili na hashi ya komiti iliyotangulia. Ukibadilisha jina la mwandishi katika komiti ya wiki iliyopita, hashi yake hubadilika, na za zote zilizofuata hubadilika pia, hivyo kila aliyekwisha kupakua mradi hujikuta ana historia isiyolingana na ya wenzake. Mwenzetu wa usalama alipendekeza tufanye hivyo haraka kabla watu hawajawa wengi. Nilimpinga, na sababu yangu haikuwa ya kiufundi peke yake: kuifuta komiti ile kungemrudishia mwanafunzi jina lake na wakati huohuo kungefuta ushahidi kwamba tuliwahi kulisahau.

Tuliamua kuitengua komiti kwa njia ya wazi, yaani kwa komiti mpya inayosema inatengua nini na kwa nini, kisha kuileta kazi upya katika komiti mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya majaribio, mwandishi wake akiwa mwanafunzi, na neno "kasrobo" likasahihishwa kwa idhini yake. Ya pili ilikuwa ile mistari 40, mwandishi wake akiwa rafiki yangu. Kwa hasira ya siku za kwanza tulikaribia kuliondoa jina lake kabisa, jambo ambalo lingekuwa dhuluma ya pili juu ya ya kwanza, maana mistari ile aliiandika yeye na ilikuwa bora kuliko ya mwenzake. Katika maelezo ya toleo tuliandika sentensi mbili za kueleza kilichotokea, bila kumtaja aliyekosea isipokuwa sisi watunzaji. Rafiki yangu alinuna kwa mwezi mzima na hakuja kwenye kahawa. Alirudi bila kuomba radhi na bila kudai kuombwa, na hilo limetosha.

Mwanafunzi nilimwandikia siku ileile niliyogundua. Nilimweleza kwamba kazi yake haikusomwa, kwamba nusu yake ilitumika bila jina lake, na kwamba nusu nyingine, ile ya msimbo, tusingeipokea ilivyokuwa, nikamwonyesha mstari kwa mstari kwa nini. Sehemu hiyo ya mwisho ilinitia wasiwasi kuliko zote, kwa kuwa ilionekana ukatili kumkosoa mtu uliyemkosea. Wenzangu walitaka tumpokelee kazi yote kama fidia. Lakini alichokuwa ameomba ni kuambiwa makosa yake, na kumpa zawadi badala ya jibu kungekuwa njia nyingine ya kutomsoma. Alijibu kwa kushukuru, akauliza namna ya kukizuia kihariri chake kisiguse nafasi za mistari, kisha akarudia swali la jioni na usiku, ambalo bado halikuwa limejibiwa. Kazi tuliyoiunganisha ilikuwa imeliamua kimyakimya: iliita 18:45 usiku, kwa kuwa ilitazama saa inayokuja badala ya saa iliyopo. Hakuna mtunzaji aliyekuwa ameliona hilo. Tangu Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, ilipotoka mwaka 2004 kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayejaribu kuweka Kiswahili ndani ya kompyuta hukutana na maamuzi ya lugha yaliyojificha ndani ya maamuzi ya msimbo, na mchangiaji pekee aliyeyaona haya kwetu ndiye aliyekuwa nje ya mlango.

Taratibu tulizobadilisha ni chache. Tuliazima kwa Linux, mfumo endeshi huria, mstari wa kutia saini, uliowekwa mwaka 2004 baada ya kesi ya SCO, kampuni iliyodai kwamba msimbo wake umeingizwa ndani ya Linux, ambao mchangiaji huthibitisha nao kwamba kazi ni yake au ana haki ya kuileta chini ya leseni ya mradi. Tuliazima kwa Apache, taasisi inayosimamia miradi mingi ya programu huria, kanuni kwamba kura ya kuzuia badiliko lazima iambatane na sababu ya kiufundi. Ombi lolote linaloletwa kwa simu sasa linarudishwa kwa sentensi moja, liandikwe hadharani, na kabla ya kuligusa tunatazama kama lipo jingine la hoja hiyohiyo lililotangulia. Kutangulia hakumpi mtu ushindi. Kunampa haki ya kusomwa kwanza na kuulizwa kama bado anaendelea.

Kanuni iliyotushinda ni ya muda. Mwanzoni tuliahidi kujibu kila ombi ndani ya saa 72, na ahadi hiyo haikumaliza wiki ya tatu, kwani mmoja alikuwa safarini Mtwara, mwingine anafunga hesabu za mwaka ofisini, nami umeme ulikatika jioni mbili mfululizo. Ahadi inayovunjwa mbele ya mgeni ni mbaya kuliko kukosa ahadi. Tukaigeuza kuwa zamu: kila wiki mtunzaji mmoja anabeba foleni, jina lake linaonekana juu ya ukurasa wa mradi, na wajibu wake si kuipitisha kazi bali kuandika chini ya kila ombi jipya kwamba limeonekana, linasubiri nini na kwa takriban muda gani. Huandikwa sentensi mbili, mara nyingine kwa simu ndani ya daladala. Maombi hayajaanza kuunganishwa haraka zaidi, lakini wachangiaji wapya wameacha kutoweka baada ya ombi la kwanza kama ilivyokuwa.

Mwanafunzi wetu ameleta kazi nyingine mwezi uliopita. Anataka maktaba itofautishe Jumanne usiku na usiku wa kuamkia Jumatano, kwa kuwa 01:00 ya Jumatano kwenye kompyuta watu wengi huisema saa saba usiku wa kuamkia Jumatano, na wazee wa pwani, wanaoanza siku jua likizama, humaanisha usiku huohuo wanaposema usiku wa Jumatano. Niliikataa kwa maandishi. Sababu yangu ilikuwa kwamba wanaotumia maktaba kwenye mifumo ya tiketi wangeona siku ikibadilika bila wao kuomba, na mtu angefika kituoni Magufuli, Mbezi, usiku usio wake. Amejibu kwa aya nne. Anasema mtu huyo anafika usiku usio wake hata sasa, kwa sababu tiketi inayosema "Jumatano saa saba usiku" inasomeka namna mbili tayari, na ameambatanisha orodha nyingine ya majaribio, safari hii yenye jina lake juu. Hoja iko wazi, na zamu ya wiki hii ni yangu.